Guta langu lilikuwa linapiga full lenyewe, dada yangu akawa taa ya breki

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi ambaye huwa sichangii. Nasoma, nacheka, nafunga simu. Leo nimeamua kuandika kwa sababu jambo hili limenikaa kifuani, na nikisema nilisimulie kwa mdomo nitaliharibu. Kwenye kuongea mimi ni mzito.

Shule yangu iliishia darasa la saba na naandika polepole. Uzi huu nimeuandika kwa siku tatu. Mkikuta kosa mnivumilie.

Chumvi sitaongeza. Mengine humu yananiaibisha mwenyewe, mtayaona mbele, na sidhani kama kuna mtu anayejitungia aibu.

Nipo Songea, upande wa Matogoro. Nina guta, zile pikipiki za matairi matatu zenye bodi ya mizigo nyuma. Nililinunua likiwa limetumika mwaka mmoja tu, kutoka kwa mzee mmoja mkulima wa korosho kule Tunduru. Nitamwita Mzee Swalehe. Kampuni iliyolitengeneza sitaitaja, na wakala wao wa hapa mjini sitamtaja pia. Sitafuti ugomvi.

Nilichagua guta badala ya bodaboda kwa sababu mzigo hauongei. Gunia la mahindi halikuulizi umeoa au bado.

Ila mzigo wangu wa kila asubuhi unaongea sana. Ni dada yangu, dada Gotrida.

Dada mguu wake wa kushoto haukuwahi kupata nguvu tangu utotoni, anatembea kwa gongo. Anauza uji wa ulezi na mandazi Bombambili, jirani na kijiwe cha bodaboda. Kutoka kwetu mpaka pale kwa mguu hawezi. Na bodaboda haiwezi kubeba mtu, ndoo ya uji, beseni la mandazi na gongo kwa mpigo.

Kwa hiyo guta ndiyo miguu yake. Likisimama, na yeye amesimama.

Nilimfungia kiti cha gari la zamani kwa bolti, nyuma kabisa ya bodi, uso unatazama tulikotoka. Ndoo na beseni vinakaa katikati, mgongoni kwangu, visimwagike. Yeye anakaa mwisho, anavilinda na anasalimiana na kila anayetufuata.

Najua mtasema guta si la abiria. Najua. Semeni, lakini mje na namna nyingine ya kumfikisha.

Sasa tatizo.

Miezi miwili ya kwanza guta lilikuwa zuri. Mwezi wa tatu taa ya mbele ikaanza kupiga full, ule mwanga mkali, yenyewe. Nikikunja usukani kushoto kidogo, pa, pa, pa. Nikinyoosha, inatulia. Nikikata kona, pa, pa, pa tena. Mchana kweupe.

Ninyi mnaoendesha mnajua hiyo maana yake nini huku kwetu. Mtu akikupigia full mchana, anakuambia trafiki yuko mbele, jiweke sawa.

Basi nikawa nawatonya watu bila kujua.

Nilianza kuona bodaboda wanaokuja mbele yangu wanasimama ghafla, abiria wa tatu anashuka, kofia ngumu inatoka begani inapanda kichwani. Wenye magari wanavuta mikanda. Wananinyooshea dole gumba. Wengine wanapiga honi ya asante. Mimi nikafikiri siku hizi watu wa Songea wamekuwa na adabu sana.

Wanafika mbele, hakuna trafiki. Kesho hakuna. Kesho kutwa hakuna.

Wiki ya pili madole gumba yakageuka kuwa maneno. Bodaboda mmoja wa kijiwe cha pale kwa dada alinisubiri nipaki.

"Wewe guta, unatuchezea? Jana nimeshusha mama na mtoto wakatembee kwa mguu, nafika mbele nakuta mbuzi."

Niliangalia tairi. Dada ndiye aliyemjibu huku anakoroga uji.

"Na huyo mbuzi alikuandikia faini?"

Wakacheka, mambo yakaisha. Ila mimi nilibaki na jina. Pale kijiweni mpaka leo wananiita Trafiki Hewa.

Ingekuwa taa tu ningevumilia. Ikaja honi. Nikiwasha indiketa ya kulia, honi inalia, na indiketa yenyewe haiwaki. Mimi ambaye hata kupiga chafya mbele za watu naona aibu, nikawa kila kona ya kulia naingia kwa honi kama msafara wa harusi. Nikaanza kuchagua njia zenye kona za kushoto tu. Kushoto nako kuna full. Mtu unaishi katikati ya aibu mbili.

Halafu taa ya breki ikafa. Hii haikunichekesha hata kidogo, kwa sababu pale nyuma, juu ya ile taa iliyokufa, ndipo anapokaa dada yangu.

Nikaenda kwa fundi umeme, kaka Menrad, ana kibanda Ruhuwiko. Akafungua, akamulika na simu, akafunga. Hakushika waya hata mmoja.

"Mdogo wangu, hii siyo ya kwako. Ni ya kiwandani. Fungu la waya wamelipitisha kwenye shingo ya usukani, kila ukikunja linasagwa. Nimeona na wengine wenye guta kama hili. Nenda kwa wakala, nasikia wanabadilisha bure. Ila mimi nisiguse. Wakikuta mkono wa fundi wa mtaani, watakataa."

Wakuu, hapo ndipo safari yangu ilipoanza. Nilidhani inaishia hapo.

Pale kwa wakala kuna kaunta ndefu na kaka mmoja nyuma yake, mpole, amevaa fulana ya kampuni. Sina ubaya naye. Nilisimama mpaka watu watatu walionikuta wakahudumiwa mbele yangu, kwa sababu sikujua niseme nini kwanza. Mwisho akaniona mwenyewe.

Akaandika namba ya chesisi kwenye kompyuta.

"Hili liko kwenye recall," akasema. Akanieleza kwamba kampuni yenyewe imegundua kosa la zile waya na imeita maguta yote ya toleo hilo yarudi, wayafungie waya mpya bure. "Lakini wewe umeshatolewa kwenye orodha."

Nikasogea karibu na kaunta.

"Tulituma meseji mara tatu tangu mwaka jana. Mteja amekataa huduma."

Mteja gani? Akageuza kompyuta nione. Swalehe. Kadi ya guta bado ilikuwa kwa jina la Mzee Swalehe.

Hapa naomba msinitukane, maana nusu yenu mnaosoma mko hivyo hivyo. Unanunua chombo, unapewa kadi na karatasi ya mauziano, unaweka chini ya godoro, maisha yanaendelea. Kubadilisha jina ni kwenda ofisini, kupanga foleni, kuongea na watu. Mimi kila mwezi nilisema mwezi ujao.

Nilikaa siku mbili najikusanya ndipo nikampigia Mzee Swalehe. Niliandika kwanza kwenye karatasi nitakachosema.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Guta linakwenda, alhamdulillahi?"

Nikamsomea karatasi yangu.

"Zile meseji? Ndugu mteja, chombo chako kina tatizo, piga namba hii? Mwanangu, mimi nilijua ni wale wezi wa ile hela tuma kwenye namba hii. Ya kwanza nikafuta. Ya pili nikafuta. Ya tatu nikawajibu."

"Uliwajibu nini mzee?"

"Niliwaandikia kwamba sitaki, na wamwogope Mwenyezi Mungu."

Wakuu, kompyuta ya pale ilichukua neno "sitaki" peke yake. Mwenyezi Mungu hawakumwandika.

Na kusema kweli, nani angemlaumu mzee? Mtu akikutumia meseji huijui namba yake, anasema kuna kitu chako cha bure, njoo uchukue, utafanyaje? Mimi mwenyewe namba ngeni sipokei. Matapeli wametufikisha mahali ambapo mtu akikuletea heri unamfungia mlango.

Mzee Swalehe ni mtu mwema. Aliandika barua kwa mkono kwamba yeye ndiye aliyeandika sitaki, kwamba sasa anataka, na kwamba guta ameniuzia mimi. Akaituma kwa basi la asubuhi, na mfuko wa korosho za kubangua juu yake, za kumwomba radhi dada.

Nikapeleka barua. Kaka wa kaunta akaisoma mpaka mwisho, akatabasamu, akanirudisha kwenye orodha.

"Spea itaagizwa Dar. Ikifika tutakujulisha. Halafu dogo, usiguse waya. Ukigusa, hakuna bure tena."

Akaniuliza kitu kimoja cha mwisho bila kuinua macho: "Namba yako tunayo, eti?"

Nikatikisa kichwa kuitikia, kwamba ndiyo.

Likumbukeni hilo.

Samahani, chaji iliisha. Naendelea.

Basi tukaanza kusubiri. Waya hatuwezi kugusa, taa ya breki hakuna, na uji lazima ufike Bombambili kila siku.

Dada ndiye aliyetafuta njia.

"Wewe ukitaka kufunga breki piga mluzi. Mimi nitainua kanga."

Alichukua kanga yake nyekundu, ile aliyokuwa anaitunza kwa sherehe, akaikunja mara mbili, akaiweka mapajani. Nikikaribia kusimama napiga mluzi. Yeye anainua kanga juu kwa mikono miwili, wanaotufuata wanaona. Nikiachia breki napiga tena, anashusha.

Na ilifanya kazi. Nawaambia ukweli, ilifanya kazi kuliko taa. Wenye magari walikuwa wanatabasamu, wengine wanampungia. Kuna mwalimu mmoja mwenye pikipiki alikuwa anatufuata makusudi kila asubuhi amwone. Dada anakula korosho za Tunduru kwa mkono mmoja, wa pili uko tayari.

Yeye alifurahi. Mimi kila tulipotoka nyumbani nilikuwa nageuka nyuma kumwangalia.

Kila wiki nilikuwa napita kwa wakala. Siongei sana, nasimama tu mpaka anione.

"Spea iko njiani."

Wiki nyingine: "Imeshatoka Dar."

Wiki nyingine: "Nadhani iko Makambako."

Ikakaa Makambako wiki tatu. Mtu anatoka Dar asubuhi na basi, kesho yake yuko hapa anakunywa chai. Fungu la waya la kilo mbili linatembea mwezi mzima. Nilikuwa natamani kumwuliza, linakuja kwa mguu? Swali hilo nilikuwa nalo mdomoni kila wiki, na kila wiki nilirudi nalo nyumbani.

Katikati ya kusubiri huko nikakamatwa. Trafiki wa kike, alikuwa amesimama chini ya mti karibu na njia panda, mimi nakata kona. Pa, pa, pa. Magari matatu yaliyokuwa yanakuja yakapunguza mwendo hapo hapo. Akaniita kwa kidole.

"Kijana, unawatonya wenzako kwamba nipo?"

Nilitaka kusema recall, waya, Tunduru, Makambako. Nilisema, "Hapana afande."

"Sasa hiyo taa inawaka yenyewe?"

"Ndiyo afande."

Akasogea mbele ya guta, akaiinamia taa. Nadhani katika kazi yake ameambiwa uongo mwingi, ila huo alikuwa hajawahi kuusikia. Dada akaanza kumweleza kutoka nyuma, kanga mkononi, na maelezo yake yalikuwa marefu mpaka yule afande akachoka.

"Nendeni. Ila nikikuona tena na hiyo taa, guta linalala kituoni."

Likilala kituoni, dada analala nyumbani. Hilo lilikuwa kichwani mwangu kila kona.

Sasa ile asubuhi yenyewe.

Mnaoijua Matogoro mnajua ukungu wa huku msimu wa baridi. Saa moja asubuhi huoni nguzo ya pili ya umeme. Tulikuwa tunateremka polepole. Mbele yangu wakatokea watoto wa shule wanavuka, wameshikana mikono, mstari mrefu.

Nikapiga mluzi, nikashika breki, na mkono wangu kwa mazoea ukagusa indiketa ya kulia, nikitaka kuwapisha.

Honi ikalia. Ikalia bila kukoma, ikaufunika mluzi wote.

Dada hakunisikia. Kanga ilibaki mapajani.

Nyuma yetu kulikuwa na kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, kamebeba mbao. Mimi sikukaona. Dada ndiye aliyekaona, taa mbili zinakua ndani ya ukungu. Kwenye ukungu ule kanga isingeonekana kwa wakati. Alijipinda, akachukua upawa akapiga mfuniko wa ndoo kwa nguvu zake zote, na huku anapiga kelele.

Yule dereva alikata usukani, tairi la mbele likaingia mtaroni. Bodi yake ilisimama pembeni ya kiti cha dada. Angenyoosha mkono angeigusa.

Mfuniko ulikuwa umeruka. Uji ulimmwagikia mguuni, mguu ule mzima, ule anaoutegemea.

Dereva akashuka, mtu mzima, umri wa baba yetu.

"Taa ya breki mnayo au hamna?"

"Taa ya breki ni mimi, baba," dada akamwambia. "Hukuniona?"

Yule mzee akamtazama, akatazama kanga, akatazama gongo. Akakaa chini ukingoni mwa barabara. Watoto wa shule wamesimama wanatuangalia. Dada akaanza kucheka, akamwambia mzee anyanyuke achukue andazi. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa namfuta uji mguuni kwa shati langu na ngozi ilikuwa imeshakuwa nyekundu.

Nikampeleka zahanati, akapakwa dawa, akarudishwa nyumbani na jirani. Halafu nikawasha guta nikaenda kwa wakala.

Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Wakuu, nilikuwa nayo mengi. Nilikuwa na hotuba.

Nikaingia. Kaka wa kaunta akainua macho.

"Aa, dogo wa guta. Bado iko njiani."

Na hotuba yote ikaisha. Sijui inaendaga wapi. Nilisimama hapo na shati lenye uji, nikatikisa kichwa, nikatoka nje.

Guta nilikuwa nimelipaki mbele ya duka, pua inatazama barabarani. Nikakaa, nikafungua swichi, nikakunja usukani nitoke. Sikuweza kutoka. Nikabaki nimekaa tu, usukani umekunjwa kushoto.

Pa, pa, pa.

Bodaboda wa kwanza akafunga breki. Akashusha abiria mmoja, akavaa kofia. Nyuma yake pikapu ikasimama, watu wa nyuma wakaanza kuruka chini. Basi dogo likapunguza mwendo, konda akatoa kichwa.

"Wako wapi, mbele au nyuma?"

Taa ndiyo iliyokuwa inaongea.

Hapo ndipo nilipoelewa. Sikupanga, naapa, ila nilipoelewa sikuzima. Nikawasha na indiketa ya kulia.

Honi ikaanza.

Kwa muda wa kunywa chai kikombe kimoja barabara ile ilijaa. Waliotoka mjini wamesimama, wanaokwenda mjini wamesimama, kila mtu anamwuliza mwenzake trafiki yuko wapi. Mtu mmoja akaanza kufunga kioo cha pembeni cha gari lake kwa utepe, pale pale. Wengine wakaingia dukani kwa wakala kuuliza, ndipo kaka wa kaunta akatoka nje, kisha meneja wake. Meneja akanipungia mkono nizime. Nikamwonyesha kwa kidole fungu la waya. Kisha nikamwonyesha bango lao la mlangoni, lenye jina la kampuni iliyolitengeneza.

Mwisho trafiki akafika kweli, anatembea kwa mguu kutoka njia panda. Alikuwa ni yule yule.

"Kijana," akasema. "Wewe tena."

Nilishuka. Nikampa nakala ya barua ya Mzee Swalehe, ilikuwa mfukoni, imelowa uji pembeni. Akaisoma. Akafika pale pa kumwogopa Mwenyezi Mungu akaguna. Akaniambia nizime, akawapungia watu wapite, halafu akaingia dukani na mimi nyuma yake.

"Chombo hiki kina kosa mnalolijua?" akamwuliza meneja.

"Ndiyo afande, ila spea..."

"Nimeuliza mnalijua?"

"Tunalijua."

Akanigeukia. "Haya, na wewe sema. Umekuja hapa mara ngapi?"

Wote wakaniangalia. Na safari hii, sijui ni uji uliokauka kwenye shati au ni nini, maneno yakaja. Machache.

Nikasema, "Kila wiki. Leo dada yangu ameungua mguu mzima. Ule mwingine haufanyi kazi. Nataka nione hiyo spea iko wapi, kwa macho yangu."

Nadhani ni maneno mengi kuliko yote niliyowahi kusema mbele ya watu nisiowajua.

Meneja mwenyewe akaingia stoo. Tulimsikia anasogeza maboksi. Akatoka na boksi refu, lina vumbi juu, limeandikwa kwa kalamu nene: SWALEHE.

Lilikuwa limefika wiki tano zilizopita.

Kaka wa kaunta akarudi kwenye kompyuta akabonyeza, uso umembadilika. Yeye alikuwa anaangalia orodha ya mizigo iliyo njiani, na hakuna mtu aliyelitoa lile boksi kwenye orodha hiyo. Ila meseji ilikuwa imetoka yenyewe siku ile ile lilipofika.

"Ilikwenda kwenye simu ya mwenye jina la kwenye kadi."

Tukampigia Mzee Swalehe pale pale, sauti ya wazi.

"Meseji ya kwamba mzigo wako umefika?" akasema mzee. "Mwanangu, mimi sijaagiza mzigo. Nikafuta."

Afande alitoka nje. Nadhani alikwenda kucheka.

Meneja akaniuliza kwa upole, kwa nini hukuacha namba yako? Kaka wa kaunta akasema, nilimwuliza, akatikisa kichwa kwamba tunayo.

Na ni kweli, wakuu. Nilitikisa. Nilikuwa nimeona kuna watu watatu nyuma yangu kwenye foleni, nikaona aibu kuwasubirisha kwa kutaja namba kumi. Kwa ajili ya namba kumi dada yangu alikaa wiki tano juu ya taa iliyokufa, na spea yake iko stoo, hatua ishirini kutoka pale nilipokuwa nasimama kila wiki.

Sisemi wakala hana kosa. Anayo makubwa. Ukijua chombo ulichouza kinaweza kuua mtu, huwezi kutuma meseji tatu halafu ukakunja mikono. Tafuta watu. Nenda vijiweni. Bandika tangazo kwa mafundi, kaka Menrad alikuwa anajua kabla yangu. Na mtu akija kila wiki amesimama kama nguzo, ingia stoo uangalie, usiangalie kompyuta. Hilo nimewaambia, na safari hii nimewaambia kwa mdomo.

Lakini na mimi la kwangu nalibeba.

Kufunga waya mpya kulichukua nusu saa. Miezi saba ya aibu, nusu saa ya kazi. Fundi wao alikuwa anapiga mluzi wa wimbo wa kanisani, na kila akipiga mimi nilikuwa nashtuka.

Kadi nimebadilisha jina wiki iliyofuata. Nilipanga foleni, nikataja namba yangu kwa sauti mpaka dada wa dirishani akaniambia polepole baba, sijaziba masikio.

Mguu wa dada umepona. Alama imebaki kidogo. Alipumzika wiki mbili, na wateja wake wa kijiweni walikuwa wananiuliza mimi Trafiki Hewa lini anarudi.

Siku aliyorudi ilikuwa asubuhi ya ukungu vilevile. Taa ya breki inawaka nyekundu safi, nilikuwa nimeikagua mara nne kabla ya kutoka. Tukateremka. Tulipofika pale watoto wanapovukia nikashika breki, na kwa mazoea nikapiga mluzi.

Nikageuka nyuma. Kanga ilikuwa juu.

"Dada, taa inafanya kazi sasa."

"Najua," akasema, hajashusha mikono. "Hiyo ni ya kwao. Hii ni yangu."

Nimeacha kubishana naye. Mpaka leo napiga mluzi, na mpaka leo mwalimu mwenye pikipiki anatufuata.

Nilichojifunza ni kidogo. Chombo kikiwa chako, jina liwe lako, na namba iwe yako. Na ukiulizwa kitu na mtu wa kaunta usimjibu kwa kichwa, hata kama nyuma yako kuna foleni ya kufika Namtumbo. Foleni itasubiri.

Sasa nataka kusikia kwenu. Nyanyueni godoro, mtoe kadi, mwangalie ina jina la nani. Halafu mje mniambie hapa chini, na kama kuna mwenye guta la toleo hili ambalo taa inapiga full yenyewe, aniandikie. Nitamjibu. Nitachelewa kidogo, ila nitamjibu.